Sura ya Tano: Betri Ipi kwa Kifaa Kipi?

Mtu ananunua betri nne mpya dukani, anazitia kwenye kamera, na kabla sherehe haijafika katikati kamera inaandika kwenye kioo chake kwamba betri zimekwisha. Anazitoa kwa hasira. Nyumbani, mtoto anachukua moja na kuitia kwenye saa ya ukutani iliyosimama, na saa inaanza kutembea. Inatembea wiki, inatembea miezi. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo wauza vifaa vya umeme huulizwa kila mara: betri ile ilikuwa imekufa au haikuwa imekufa? Wengi huamua kwamba wameuziwa betri feki au kamera yao ni mbovu. Inawezekana, maana feki zipo. Lakini mara nyingi betri ilikuwa halali na kamera ilikuwa nzima, na kosa lilikuwa kuziweka hizo mbili pamoja.

Sura hii inatetea jambo moja. Betri za kuchaji zinastahili kuwa chaguo la kwanza katika kila kifaa kinachovuta umeme mwingi kwa mara moja: kamera, flashi, tochi yenye mwanga mkali, gari la kuchezea la mtoto, maikrofoni isiyo na waya. Katika vifaa vinavyovuta umeme kidogo kidogo, faida yake ni ndogo, na wakati mwingine haipo kabisa. Anayezisifia kwa kila kifaa anakosea. Anayezikataa kwa kila kifaa anakosea zaidi, na anapoteza pesa.

Umeme uliomo na umeme unaotoka

Tuanze na namba mbili ambazo kila mnunuzi huzikuta kwenye betri. Ya kwanza ni volti, yaani nguvu inayousukuma umeme utoke. Ya pili, ambayo huandikwa zaidi kwenye betri za kuchaji, ni miliampea-saa, yaani kiasi cha umeme kilichohifadhiwa. Betri yenye miliampea-saa 2000 inaweza, kwa hesabu ya karatasini, kutoa mkondo wa miliampea 200 kwa saa 10, au miliampea 2000 kwa saa moja. Lakini kuna jambo la tatu lisiloandikwa kwenye ganda, nalo ndilo linaloamua mambo yote katika sura hii: ukinzani wa ndani, yaani ugumu ambao umeme unakutana nao unapopita ndani ya betri yenyewe. Mtungi uliojaa maji lakini wenye mdomo mwembamba utamtosha anayejaza kikombe taratibu, ila hautamfaa anayetaka kuzima moto. Maji yamo, hayatoki kwa kasi inayotakiwa.

Betri ambazo Afrika Mashariki ilizizoea kwa miaka mingi ni zile za zinki na kaboni, kubwa nene, za redio na tochi. Kiwanda cha Eveready mjini Nakuru kilizitengeneza kwa miongo kadhaa hadi kilipofungwa mwaka 2014. Ukinzani wake wa ndani ni mkubwa, lakini redio haiombi mengi, kwa hiyo haikuwa tatizo. Watu hata walijifunza kuzianika juani zikichoka, na kweli zilirudisha uhai kidogo: joto huharakisha kazi ya kemikali, na mapumziko huzipa kemikali zilizo karibu na kijiti cha kaboni nafasi ya kujisambaza upya. Ujuzi huo ulikuwa sahihi kwa vifaa vya wakati ule. Ulipohamishiwa kwenye kamera za dijitali ndipo ulipoanza kupotosha, kwa sababu kamera haina subira ya redio.

Fikiria kazi ya kamera ndogo inayotumia betri za saizi ya AA, yaani zile nyembamba zenye urefu wa karibu sentimita tano. Unapoiwasha, mota inasukuma lenzi nje. Kioo kinawaka. Ukibonyeza, lenzi inatafuta mahali pa kulenga, na flashi ikishatoa mwanga inaanza kujijaza tena. Kila kimoja kati ya vitendo hivi huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi, na kila mara mkondo unapopanda, volti za betri yenye ukinzani mkubwa hushuka ghafla. Zikishuka chini ya kiwango ambacho kamera imewekewa, kamera hujizima ili isiharibu picha inayoandikwa. Umeme bado umo. Sekunde chache baadaye volti zinapanda tena, na saa ya ukutani, ambayo mahitaji yake ni madogo mno, itaendelea kuunyonya umeme huo kwa miezi. Hilo ndilo jibu la swali letu.

Betri za alkalini, ambazo ni bora kuliko za zinki na kaboni, nazo zina udhaifu huu, ingawa kwa kiasi kidogo. Betri nzuri ya AA ya alkalini ikitumiwa taratibu hutoa zaidi ya miliampea-saa 2500. Ikilazimishwa kutoa ampea moja mfululizo, haifikishi hata nusu ya hapo. Betri ya kuchaji ya nikeli na haidridi ya metali, ambayo kwenye ganda huandikwa NiMH, hutoa karibu kila kilichomo hata ikivutwa kwa nguvu, kwa kuwa ukinzani wake wa ndani ni mdogo.

Ushahidi mzuri unatoka kwa watengenezaji wenyewe. Canon PowerShot SX160 IS, kamera ya mwaka 2012 inayotumia betri mbili za AA, imeandikiwa na kampuni yake kwamba hupiga takriban picha 140 kwa betri za alkalini na takriban picha 380 kwa betri za kuchaji za NiMH. Ni kamera ileile, na kipimo kilekile. Ajabu ni kwamba betri ya alkalini iliyoshindwa ndiyo yenye umeme mwingi zaidi ukiihesabu karatasini.

*Kwa ufupi: kifaa kinachovuta taratibu kinatazama umeme uliomo. Kifaa kinachovuta kwa nguvu kinatazama umeme unaoweza kutoka.*

"Lakini zimeandikwa volti 1.2!"

Hili ndilo pingamizi la kwanza la kila mnunuzi makini, na linastahili jibu kamili. Betri ya kutupa imeandikwa volti 1.5 na ya kuchaji volti 1.2. Kamera inataka betri mbili, kwa hiyo za kutupa zitaipa volti 3 na za kuchaji volti 2.4. Je, haitakosa nguvu?

Volti 1.5 ni za betri mpya ambayo haijaanza kazi. Mara tu alkalini inapotumika, volti zake zinaanza kuteremka, na zinaendelea kuteremka bila kusimama mpaka karibu 0.9. Ikifika nusu ya maisha yake tayari iko karibu na 1.2 au chini yake, na hiyo ni kabla hatujahesabu mshuko wa ghafla kila flashi inapojijaza. Betri ya NiMH hutoka kwenye chaja ikiwa na zaidi ya volti 1.3, inatulia karibu na 1.2, na inabaki hapo kwa sehemu kubwa ya maisha ya chaji yake kabla ya kuanguka kwa haraka mwishoni. Mtengenezaji wa kifaa cha betri za AA anajua kwamba alkalini zitashuka, kwa hiyo anakijenga kifaa kiendelee kufanya kazi hata zikiwa 1.1 au chini zaidi. Kama kifaa chako kisingeweza kufanya kazi kwa volti 1.2, basi kingekuwa kinatupa alkalini zikiwa bado na nusu ya umeme wake.

Pingamizi hili lina ukweli wake katika sehemu mbili. Kwanza, alama ya betri kwenye kioo inaweza kudanganya: kifaa kilichofundishwa kusoma mteremko wa alkalini kitaona 1.2 na kudhani betri ziko nusu, kisha kitabaki na alama hiyo mpaka ghafla zinakwisha. Baadhi ya kamera zina sehemu kwenye menyu ya kuchagua aina ya betri, na ni vyema kuitafuta. Pili, vipo vifaa vichache, hasa vya zamani na vinavyotumia betri nyingi zilizofuatana, ambavyo tofauti ya 0.3 kwa kila betri hujilimbikiza hadi vikashindwa kuwaka. Tochi ya balbu ya kizamani nayo itakuwa hafifu kidogo mwanzoni. Kitabu cha maelezo ya kifaa kikikataza betri za kuchaji, kitii.

Sifa mbaya inayotoka enzi nyingine

Pingamizi la pili ni la wale waliowahi kuzitumia zamani: "Unachaji leo, unaziweka kabatini, mwezi unaofuata hazina kitu." Walisema kweli. Betri za NiMH za kwanza zilikuwa zikipoteza asilimia 20 hadi 30 ya chaji kila mwezi zikiwa zimelala tu, na katika joto la Dar es Salaam au Mombasa zilipoteza kwa kasi zaidi, kwa kuwa joto huchochea upotevu huo. Kwa mpiga picha anayefanya kazi kila siku hilo lilivumilika. Kwa familia inayotoa kamera kabatini wakati wa sikukuu tu, lilikuwa kero ya kweli, na halikuwa kosa lao kuzichukia.

Mambo yalibadilika mwaka 2005, kampuni ya Sanyo ya Japani ilipoanza kuuza betri zilizoitwa Eneloop. Wahandisi wake waliboresha metali ya upande hasi na utando unaotenganisha pande mbili za betri, hivyo chaji ikaacha kuvuja kwa kasi. Walitangaza kwamba ikilala mwaka mzima, betri hiyo ingebaki na takriban asilimia 85 ya chaji yake. Kampuni nyingine zilifuata, na leo betri nyingi nzuri za NiMH ni za aina hii. Unazitambua dukani kwa sababu pakiti husema zimekwisha kuchajiwa kiwandani na ziko tayari kutumika. Za aina ya zamani zisingeweza kuahidi hivyo, maana zingefika dukani zikiwa tupu. Anayezihukumu betri za leo kwa zile za miaka ya tisini anahukumu bidhaa ambayo karibu haiuzwi tena.

Kutoka enzi hiyohiyo kumebaki imani kwamba betri lazima imalizwe kabisa kabla ya kuchajiwa, la sivyo "itazoea" nusu. Imani hiyo ilitokana na betri za nikeli na kadimiamu, ambazo kemia yake ilibuniwa na Waldemar Jungner wa Sweden mwaka 1899. Kwa NiMH athari hiyo ni ndogo kiasi cha kutostahili kukunyima usingizi. Kinachoziumiza kwa hakika ni kinyume chake: kuzinyonya mpaka tone la mwisho, kwa mfano kusahau tochi ikiwaka usiku kucha.

Hesabu ya pesa

Bei hutofautiana mji kwa mji, kwa hiyo tutumie uwiano, na msomaji aweke bei za dukani kwake. Tuseme betri moja ya kuchaji ni sawa na bei ya alkalini nne, na chaja nzuri ni sawa na alkalini 12. Seti ya betri nne pamoja na chaja itakugharimu bei ya alkalini 28. Mpiga picha wa harusi anayemaliza alkalini nne kwenye flashi kila sherehe atakuwa amerudisha pesa zake baada ya sherehe saba. Kuanzia ya nane, analipia umeme tu. Watengenezaji hutaja mizunguko ya kuchaji kuanzia 500 hadi 2000 kwa vipimo vya maabara. Hata ukipata 200 tu katika maisha halisi ya vumbi na joto, bado hesabu inakuwa ya upande mmoja.

Sasa chukua rimoti ya televisheni yenye betri mbili zinazobadilishwa mara moja kwa mwaka. Kwa bei zilezile, betri mbili za kuchaji na chaja ni sawa na alkalini 20, yaani miaka 10 ya kungoja pesa irudi. Betri yenyewe inaweza kuzeeka kabla ya hapo. Hakuna sababu ya kununua chaja kwa ajili ya rimoti.

Watu huuliza pia kuhusu bili ya umeme. Betri ya AA yenye miliampea-saa 2000 huhifadhi takriban wati-saa 2.4. Ukijumlisha kinachopotea kwenye joto na ndani ya chaja, kuchaji betri nne hakuzidi sana wati-saa 20. Uniti moja ya umeme ni wati-saa 1000, kwa hiyo inatosha kuchaji seti ya nne takriban mara 50. Kwa asiye na umeme wa gridi, chaja zinazotumia waya wa USB huchomekwa kwenye mfumo mdogo wa sola au kwenye gari, na kwa kuwa betri za sasa hazivuji haraka, seti iliyochajiwa mchana mmoja wenye jua itasubiri bila shida.

Mwingine atasema: betri za zinki na kaboni ni rahisi kuliko alkalini, kwa nini nisinunue hizo? Kwenye saa, nunua. Kwenye kamera, acha kuhesabu bei kwa betri na uhesabu kwa picha. Betri ya bei ndogo inayotoa picha kumi ni ghali kuliko zote zilizotajwa katika sura hii.

Chaja ndiyo inayoua

Betri nyingi za kuchaji hufa kwa sababu ya chaja. Chaja duni husukuma umeme kwa saa kadhaa zilizopangwa, bila kujua kama betri iliingia ikiwa tupu au nusu, na nyingi huchaji betri mbili mbili kana kwamba ni moja. Betri iliyokuwa imejaa zaidi inaendelea kupikwa wakati mwenzake anasubiri kujaa, na joto hilo linaikausha ndani. Chaja nzuri ina njia ya pekee kwa kila betri, na hupima mabadiliko madogo ya volti yanayojitokeza betri inapojaa, kisha inaacha. Ukiwa na pesa za kununua kitu kimoja tu kizuri, nunua chaja nzuri na betri za kawaida, usifanye kinyume chake.

Baada ya hapo, tabia chache zinatosha:

- Betri zinazofanya kazi pamoja zikae pamoja. Andika herufi juu ya kila seti kwa kalamu ya wino usiofutika. Betri dhaifu ikiwekwa kati ya zenye nguvu husukumwa mpaka chini ya sifuri, na hapo huharibika.
- Usitie betri za kutupa kwenye chaja. Zinaweza kuvuja au kupasuka.
- Vuguvugu wakati wa kuchaji ni kawaida. Betri ikiwa haishikiki kwa joto, itoe, na usiirudishe kwenye chaja hiyo.
- Usiziache kwenye gari lililofungwa juani.

Kwa mwenye flashi ya nje kuna tahadhari moja zaidi. Flashi hujaza kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi na kuuachia wote kwa mpigo. NiMH huijaza kwa kasi kuliko alkalini, na hiyo ni faida kubwa kwa anayekimbizana na maharusi. Lakini kasi hiyo inakuwezesha kupiga mfululizo mpaka flashi yenyewe iungue. Watengenezaji huweka idadi ya mipigo ya mfululizo kabla ya kuipumzisha. Isome na uiheshimu.

Namba kubwa za uongo

Sokoni utakuta betri za AA za NiMH zilizoandikwa 3500, 4000, hata zaidi. Usizinunue. Nafasi iliyomo ndani ya ganda la AA inaruhusu takriban 2800 kwa zile bora kabisa, na zilizoandikwa karibu 2000 ndizo zinazodumu mizunguko mingi zaidi, kwa sababu hazikubanwa. Uzito nao ni shahidi: NiMH halisi ya AA huwa na karibu gramu 26 hadi 30. Ikiwa nyepesi kuliko alkalini, ambayo ni karibu gramu 23, ndani yake kuna kitu kidogo kuliko kilichoandikwa nje.

Betri za litiamu

Kamera nyingi za sasa, kama simu, zina betri zake maalumu za ioni za litiamu, aina ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991 na iliyowapa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019. Hapa hakuna mjadala wa kuchaji au kutupa, kilichopo ni utunzaji. Hazipendi joto, hazipendi kulala zikiwa zimejaa kabisa wala tupu kabisa. Kamera itakayokaa miezi kabatini iachiwe betri ikiwa karibu nusu. Iliyovimba isitumike tena. Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba za litiamu zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiwe kwenye mzigo unaopakiwa chini.

Jihadhari na jambo moja linaloharibu vifaa. Zipo betri za litiamu zenye umbo sawasawa na AA lakini zenye volti 3.7. Zikitiwa kwenye kamera au redio iliyotengenezwa kwa volti 1.5 zinaweza kuiunguza papo hapo. Umbo kulingana hakutoshi; soma volti kwanza.

Mahali pa betri za kutupa

Saa ya ukutani, rimoti, na kipima joto cha hospitali ndogo ya nyumbani viachiwe alkalini. King'ora cha moshi kipewe aina iliyotajwa na mtengenezaji wake, bila kubahatisha. Ila kumbuka kwamba betri za kutupa zikisahaulika ndani ya kifaa huvuja, na ule unga mweupe wa alkalini hula vyuma vya kamera na redio mpaka haviponi. Kifaa ambacho hutakigusa kwa miezi mitatu, kitoe betri zake.

Na zote mwishowe huchakaa. Za zamani za kadimiamu ni sumu kwa udongo na kwa visima, na ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku katika vifaa vingi vya mkononi kwa sheria ya mwaka 2006. Zikusanye kwenye chombo kikavu cha plastiki, ziba ncha za zile za litiamu kwa utepe, na zipeleke kwa wanaokusanya taka za vifaa vya umeme katika mji wako. Ikiwa hapo ulipo bado hakuna mkusanyaji, zihifadhi mpaka apatikane. Lakini tafadhali, usizitupe kwenye jalala linalochomwa moto: betri ya litiamu, hata ikikataa kuwasha chochote, bado inaweza kulipuka motoni, na anayesimama karibu na moto ule mara nyingi ni mtoto.